Mazutu ya Mama Mashini

Mwanamke ninayemwandika hapa ameshazikwa, na ndiyo maana naweza kusema yote. Sisi wa Sake tulimwita Mama Mashini, kwa sababu alisaga mihogo na mahindi ya watu kwa miaka mingi kabla mashini yake haijawa injini ya boti. Kama uliwahi kupeleka mzigo Minova kwa njia ya maji kutoka ufuko wa chini ya Sake, huenda uliwahi kumlaani kimoyomoyo, maana alisubirisha watu. Uliondoka pale mazutu, yaani dizeli, yalipokuwa safi, wala si dakika moja kabla. Na nitasema mapema: kusubiri huko ndiko kulikomchukulia mume wake. Yeye aliamini hivyo, na mawifi zake waliamini kuliko yeye.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya kazi iliyolowa mafuta hadi magotini. Kanisani aliimba sauti ya pili, macho yamefumbwa, utadhani malaika anamshika mkono. Ukimkuta kwenye injini iliyogoma, alikuwa anaitukana kwa Kilingala, tusi juu ya tusi. Katekista alimwuliza siku moja kama haoni haya.

"Kiswahili iko ya kuomba Mungu, Papa," alimjibu. "Sitaichafua na mashini."

Nyumbani kwake sufuria zililala na ugali wa jana, na kuku waliingia ndani kuliko wageni. Lakini kile kikombe cha kioo kilichokaa chini ya chujio la injini, tunaloliita filtre, kiling'aa. Nilimtania kwamba ningependa aniwekee chai humo, maana vikombe vyake vingine vinanitia wasiwasi. Alicheka, akanipa chai kwenye kikombe kilekile cha siku zote, chenye alama ya midomo ya mtu mwingine.

Kichaa chake cha usafi wa mafuta hakikuanzia ziwani. Kilianzia juu, kwenye kilima cha Masisi, mashini ilipokuwa kwenye kibanda cha mabati na sisi tunapanga mabeseni yetu nje tangu asubuhi. Mume wake alikuwa mtu wa Ntoto, kule Walikale, na kila alipokwenda kuwaona ndugu zake alirudi na mawese kwenye mabidoni, yaani madumu, ya njano. Tulikula mawese, bidoni likabaki. Bidoni zuri halitupwi, kwa hiyo alilikosha kwa maji ya moto, akaenda nalo Sake kununua mazutu. Kule kwao msituni mawese hukaa majimaji mwaka mzima, kwa hiyo hakuona tatizo lolote. Masisi ni baridi. Asubuhi yake mabaki ya mawese yaliganda ndani ya filtre kama siagi, mashini ikakohoa mara chache ikanyamaza, na foleni nzima ya akina mama ikageuka kumtazama yule bwana aliyesimama na jembe begani.

"Ni baridi ya kwenu," alisema mume. "Mafuta haina kosa."

Mama Mashini alikaa chini, akafungua filtre, akaanza kukwangua yale manjano kwa kucha. Tangu siku hiyo akawa ananusa kila bidoni kabla hajalipokea, pua yote ndani ya mdomo wake, na akiona wekundu wa mawese shingoni mwa bidoni anarudi nyuma. Hakuwa fundi wa kusomea, na wala hakuwa sahihi kila mara. Kuna wakati aliomba pamba zahanati, akaishindilia kwenye bomba ili ikamate uchafu wote, akajisifu mbele yetu. Nyuzi za pamba zenyewe ndizo zilizoingia kwenye injini. Tulikula viazi mpaka tukachoka, kwa sababu hakuna unga uliotoka pale, na yeye akatembea kilimani ameinamisha kichwa akiwaomba watu radhi nyumba kwa nyumba.

Mbinu yake kubwa ya kilimani ilikuwa kulaza mafuta. Akileta mazutu, hakuyagusa siku hiyo. Aliyaacha pipani, maji na takataka vikashuka chini vyenyewe, kisha akachota ya juu taratibu. Wasagaji wote wa Masisi wanafanya hivyo. Haikugharimu kitu ila subira, na subira alikuwa nayo ya kutosha kutugawia sote bila kutuuliza kama tunaitaka.

Halafu kilima kikawa hakikaliki kwa vita. Watu walishuka Sake na magodoro, mimi nikiwamo, yeye akashuka na injini, ikapandishwa kwenye kamioni juu ya magunia ya viazi. Sake hakukuwa na nafasi ya mashini nyingine, lakini kulikuwa na mzee mmoja mwenye boti pana ya mbao isiyo na injini, inayokwenda kwa tanga la shitingi, lile turubai la wakimbizi, limeshonwa mbilimbili. Upepo ukikataa, abiria walilala Minova. Wakakubaliana: yeye alete injini, mzee alete boti, tanga libaki kama msaidizi. Mume wake akawa mtu wa tanga. Mtu wa msitu, aliyekulia mahali ambapo hata mbingu huzioni vizuri kwa majani, alilielewa lile shitingi haraka kuliko wavuvi walivyotegemea.

"Upepo haiombake filtre," alimchokoza mke wake.

Mama Mashini aliingia majini na akili ya kilimani. Aliweka tanki lilelile, filtre ileile moja, akalaza mazutu yake ufukweni, akachota ya juu, akamimina. Katikati ya safari ya kwanza injini ilikufa. Alifungua filtre na kukuta tope. Hakuelewa, kwa sababu mafuta aliyalaza kama inavyopasa, na alibaki ameshika lile tope kiganjani huku mume wake akipandisha tanga na abiria wakiimba nyimbo za kuomba rehema. Ni baadaye, tumefika jioni tumeloa, ndipo alipokaa ukingoni akaangalia boti inavyocheza hata ikiwa imefungwa, akaniambia, maana nilikuwa nimesafiri naye na unga wangu:

"Apa hakuna kulala. Ile yote ya chini ya tanki inaamuka, inakuya juu. Ku kilima nilikuwa nalaza mafuta, na nyumba pia imelala. Apa nyumba iko nacheza."

Kilichofuata ni ugomvi wa kuchagua, na Sake nzima iliusikia. Mwenye boti alitaka filtre moja kubwa ya kamioni, ifungwe, mambo yaishe. Mama Mashini alitaka mtambo. Alitaka tanki linyanyuliwe, mdomo wa kutolea mafuta uwe juu kidogo ya sakafu ya tanki, na chini kabisa robine, yaani koki, ya kutolea tope. Kisha kikombe cha kioo, ili maji yakiingia ayaone kwa macho. Kisha filtre mbili ndogo, ubavu kwa ubavu, na robine katikati yao: injini ikinywa kwa hii, ile nyingine inafunguliwa na kusafishwa, safari inaendelea.

"Mama, kamioni zinafika mpaka Walikale na filtre moja," mzee alisema. "Weye unataka mbili za nini?"

"Kamioni ikizimika unashuka, unakaa ku barabara, unachoma muhindi. Apa utashukia wapi?"

"Tuko na tanga."

"Tanga iko kwa upepo. Na kama upepo inatusukuma kule hatutake?"

Mzee alinung'unika wiki nzima kwamba ameoa mwanamke asiye wake. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba asisikie tena habari ya filtre mpaka afe. Alisikia habari ya filtre kila siku.

Na kabla mazutu hayajafika kwenye mtambo huo, yalipita kwenye kofia. Unazijua kofia za wazee wetu wa Masisi, zile nzito za sufu zenye ukingo, za kuvaa kanisani na kwenye vikao. Mume alikuwa na moja, ya kahawia, aliyoipata wakati wa harusi yao. Mama Mashini aligundua kwamba ukiilowesha kwanza kwa mazutu, inapitisha mazutu polepole na kubakiza takataka, na maji yanakaa juu yake kama shanga. Akaichukua, akaikata ukingo, akaipachika ndani ya kitu cha kumiminia. Mume akaenda misa kichwa wazi. Watu walimcheka, naye akapangusa upara wake na kusema kwamba kofia imepata kazi nzuri kuliko kichwa. Nilimpenda sana yule bwana. Alikuwa mpole wa kweli, si mpole wa kuogopa mke.

Kofia ilikuwa inapitisha mafuta polepole mno. Hapo ndipo ilipo habari yote. Bidoni moja ilichukua muda wa watu kugombana, kupatana, na kununua ndizi mara ya pili. Mume aliutumia muda huo kwa shughuli yake. Alichukua kasiksi kidogo, pombe yetu ya ndizi, akaenda kwenye maji akamwaga matone, akasema maneno na wazee wake wa Ntoto kwa lugha yao. Mama Mashini, mwimbaji wa kanisa, alikuwa anatazama pembeni na kusema ni upuuzi wa porini. Lakini sikuwahi kumwona akiwasha injini kabla mume hajamaliza. Kuna mara moja mazutu yalikuwa tayari na mume bado anaongea na maji, na yule mwanamke akajifanya anakaza nati ambayo ilikuwa imekazwa tangu juzi.

Sasa niseme ile siku. Siipendi, na nitaisema kwa kifupi.

Mizinga ilianza asubuhi upande wa Mubambiro, ikasogea. Barabara ya Goma ilijaa kisha ikafungwa, na watu waliokuwa bado Sake wakashuka ziwani na kila walichoweza kubeba. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Boti ilikuwapo, lakini tanki lilikuwa tupu, kwa sababu ilikuwa imerudi kutoka Minova jana yake. Upepo ulikuwa unatoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo tanga halikuwa na maana. Dereva mmoja aliyeacha kamioni yake alimpa Mama Mashini bidoni la mazutu bure, akapanda botini. Mama Mashini alilifungua, akanusa. Shingoni lilikuwa jekundu.

"Ilikuwa ya mawese," alisema. "Nipeni kofia."

Watu walipiga kelele amwage tu. Mwenye boti mwenyewe alipiga kelele. Aliniita mimi nishike kofia, kwa sababu mikono yangu ndiyo iliyokuwa karibu, yeye akanyanyua bidoni juu na kuanza kumimina, huku macho yake yakiwa ufukweni kwa mume wake. Mume alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, anaingiza kwanza akina mama wenye watoto, anawazuia vijana wasiizamishe boti. Mtu mmoja alimshika shati na kumwambia amwamrishe mke wake. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Mumuache," alisema. "Yeye njo anajua."

Mazutu yakapita polepole kama siku zote. Tulikuwa tunamaliza bidoni wakati bomu lilipoanguka ufukweni. Sitaeleza zaidi ya kwamba Mama Mashini aliruka, akamfikia, akamgeuza, na akajua. Nyuma yake boti nzima ilikuwa inalia jina lake. Alirudi. Alipita kati yetu bila kutuona, akawasha injini, akashika usukani, na injini ile haikukohoa hata mara moja mpaka Minova. Wote tuliokuwa ndani tulifika. Kofia ilinitoka mkononi kwenye ule msukosuko, ikaenda na maji. Mume wake alizikwa na watu waliobaki, palepale juu ya ufuko, na yeye hakuwepo.

Tulipotua tulitawanyika. Nilikwenda kwa dada yangu Bukavu, Mama Mashini akapotelea kwenye kambi za Goma. Habari zake zilinifikia vipandevipande. Kwamba ameacha boti. Kwamba haimbi. Kwamba mawifi zake wa Ntoto wamekataa kumaliza msiba. Kwao, mjane huoshwa na dada za mume, anavuliwa kitenge cha kilio na kuvishwa kingine, ndipo anahesabiwa tena miongoni mwa watu. Pasipo hilo haketi kwenye karamu, hapiki chakula cha wengine, na akifa anazikwa kama mdeni. Wao walisema hawawezi kumwosha mwanamke aliyemsimamisha kaka yao chini ya mabomu kwa ajili ya kuchuja mafuta. Katekista alimwambia hayo ni ya kizamani, asijali. Lakini yeye, aliyeyaita mambo ya mume wake upuuzi wa porini, alibaki na kitenge kilekile cha kilio kikimchanikia mwilini.

Nilirudi Sake watu walipoanza kurudi. Nilimkuta mchana nyuma ya nyumba aliyoazimwa, amekaa kwenye tofali, anachambua maharage. Alikuwa amekonda hadi mabega yale mapana yamebaki mfupa. Hakunisalimia kwa jina. Aliniangalia mikono kwanza.

"Ni weye," alisema. "Ni weye ulishika kofia."

"Ni mimi, Mama."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilitaka kumwambia asante, kwamba nipo hai kwa sababu yake, na watoto wa jirani zangu wapo hai. Nilianza kusema, akanyanyua kiganja.

"Nilikuwa naangalia yeye. Sikuangalia kofia. Nimeuliza bote balikuwa mu boti, hakuna mwenye aliona. Sema, dada. Ndani ya kofia mulikuwa nini?"

Maharage yalikuwa yamemwagika mapajani mwake na hakujali. Nikaelewa kwamba mwanamke huyu amekuwa akinisubiri mimi muda wote huo. Kama kofia ilikuwa na mawese na maji, basi injini ingekufa katikati, upepo ungeturudisha kwenye mabomu, na kusubiri kwake kulituokoa sote isipokuwa mmoja. Kama kofia ilikuwa safi, mume wake alikufa bure.

Kofia ilikuwa safi. Niliitazama kwa sababu sikutaka kutazama ufukweni. Hakukuwa na tone la maji juu yake, wala chembe, wala wekundu. Wekundu wa bidoni ulikuwa umebaki nje tu, shingoni. Yale yalikuwa mazutu mazuri kuliko yote niliyowahi kumwona akimimina, na tungeyatia tankini palepale tungekuwa tumeshafika mbali, sisi na mume wake.

"Mulikuwa maji," nilimwambia. "Na mawese. Mingi. Ilikuwa imejaa juu ya kofia yote."

"Mingi?"

"Mingi, Mama. Hatungefika."

Aliinamisha kichwa, akaanza kuokota maharage mapajani. Sikujua kama ameniamini. Mimi si mwongo mzuri, hata sokoni wananijua. Kisha akaniuliza kama naweza kuyasema hayo mbele ya mawifi zake, maana mkubwa wao yuko Sake kwa mtoto wake, na mimi nikasema naweza.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa. Wifi mkubwa alikuwa mama mrefu, mkavu, amekaa na wadogo zake wawili kwenye mkeka. Alifanana na kaka yake kwa namna iliyoniumiza kumtazama. Mama Mashini hakukaribishwa kukaa, akabaki wima mlangoni. Nilisema yote tena: maji, mawese, na nikaongeza jinsi yalivyoganda. Nilipofika kwa marehemu, jinsi alivyosema mumuache, yeye njo anajua, hapo sikuwa nadanganya. Nililia mbele yao. Wadogo wawili walilia pia.

Wifi mkubwa hakulia. Aliniangalia muda mrefu, mtu anayejua mawese tangu tumboni mwa mama yake, anayejua pia kwamba ule mchana wa Sake ulikuwa wa jua na mawese hayagandi juani. Niliona anavyofikiri hilo. Nilijua nimeharibu. Kisha akamgeukia Mama Mashini pale mlangoni, kile kitenge, ile mifupa, akamtazama kwa muda mrefu zaidi.

"Uliona na macho yako?" aliniuliza, bado anamtazama yeye.

"Niliona, Mama."

"Basi," alisema, akaanza kukunja mikono ya blauzi yake. "Mulete maji."

Nikaenda mimi mwenyewe kuyachota.